Hilo Si Jambo la Leo

3 Februari

Mdogo wangu Panya,

Salamu kwanza, halafu lawama, halafu ombi.

Lawama unaijua. Hii ni likizo ya tatu hujatia mguu nyumbani. Shangazi ametandika kitanda chako, kakitandua, hakusema kitu. Baba Mkubwa ndiye aliyesema, tena mbele ya wageni, kwamba ukimsomesha mtoto wa marehemu mdogo wako unamsomeshea mji mkuu. Ukipata nafasi mwandikie mistari miwili, angalau umsifie ukuta. Ameupaka rangi upya, na Nyumba yetu ya Ngozi sasa mtaa mzima wanaiita Nyumba ya Ngozi Mpya.

Ombi ni hili. Nimefika kwenye somo la kufutwa kwa utumwa. Kitabu cha kiada kimelitengea ukurasa mmoja, na nusu yake ni picha ya bwana aliyetia saini tangazo, amekaa kama anayesubiri kunyolewa. Nikasoma, wakanakili. Halafu msichana mmoja tunayemwita Mrefu, kwa sababu ni mrefu, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hao watumwa siku iliyofuata waliamkia wapi?"

Nikajikuta sijui. Miaka yote hii ya kufundisha, sijui waliamkia wapi.

Wewe unaishi katikati ya makaratasi ya zamani. Nitafutie kitu chenye sauti ya mtu aliyeachwa huru, mmoja tu, hata kama ni maneno machache. Nataka wanafunzi wayashike wenyewe, wasiyapokee kutoka kwangu.

Shangazi anakusalimu. Kikohozi kimemwachia kidogo, ila haambiwi apumzike akasikia.

Dada yako,
Chaki


17 Februari

Dada Chaki,

Lawama nimeipokea. Kazi zimenibana, paa la chumba cha kusomea linavuja na tumekuwa tukihamisha masanduku kama watu wanaokimbia mafuriko.

Nimekutumia vitu viwili. Cha kwanza ni nakala ya tangazo lenyewe. Waambie wanafunzi walisome polepole, hasa pale linaposema kwamba kila anayetaka uhuru aende mahakamani akauombe. Anayetaka. Aende. Akauombe. Mtumwa ambaye hakusikia, au alifungiwa, au alikuwa mtoto asiyejua mahakama iko wapi, alibaki alipokuwa.

Cha pili ni maelezo ya mwanamke mmoja, kutoka daftari la mahakama. Karani ndiye aliyeandika, kwa hiyo maneno ni ya karani, lakini ukitega sikio unamsikia mwanamke nyuma yake:

"Amekuja mwanamke, mtu mzima, ana kovu kwenye paji la uso. Amesema ni mtumwa wa nyumba ya … na kwamba habari za tangazo amezipata kwa wabeba maji. Anaomba cheti. Amepewa. Ameulizwa kazi anayoiweza. Amesema kufua, kupika na kubeba. Ameulizwa makao. Amesema atatafuta. Anauliza habari za mwanawe. Ameambiwa hilo si jambo la leo. … Ametia alama yake."

Mwandiko wa yule karani ni mzuri sana, hana haraka. Hilo ndilo linalonisumbua kila nikiufungua ukurasa ule.

Dada, ombi langu na mimi: karatasi hizi zitumie shuleni, ziache shuleni. Usizipeleke nyumbani.

Mdogo wako,
Panya


2 Machi

Panya,

Sijui hata nianzie wapi.

Niliwapa maswali manne ya kuiuliza karatasi yoyote: nani ameiandika, kwa ajili ya nani, kwa sababu gani, na nini hakimo ndani yake. Halafu nikasema tuigize. Meza yangu ikawa mahakama. Mvulana mmoja mbishi, tunamwita Wakili, akawa karani. Mrefu akawa mwanamke.

Walianza kwa kucheka. Wakili alikaza shingo kama bwana mkubwa, darasa likaangua kicheko. Mrefu akasema kufua, kupika na kubeba, kicheko kikapungua. Akasema, "Nauliza habari za mwanangu." Wakili akasoma, "Hilo si jambo la leo." Nikapiga makofi, nikasema vizuri sana, kaeni.

Mrefu hakukaa.

Nikamwambia, "Asante, tumemaliza."

"Sijajibiwa, Mwalimu."

"Maandishi yameishia hapo."

"Karatasi ndiyo imeishia," akasema. "Yeye bado amesimama."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayenieleza kitu ambacho nilipaswa kukiona mwenyewe. Akabaki amesimama mpaka kengele ikalia, na kengele ilipolia hakuna aliyetoka.

Tangu siku ile kuna kitu kimeingia darasani mwangu. Nikiingia wanasimama kunisalimia kama kawaida. Nikisema kaeni, wanachelewa. Kidogo tu, kama watu wanaomwachia mwingine akae kwanza. Nimejaribu kujiambia ni utoto. Jana nimeingia kwenye darasa tupu kuchukua koti langu, nikajikuta nimesema "samahani" mlangoni.

Wamekuandikia barua. Sikuwasaidia hata neno moja, naifunga humu.

Chaki


1 Machi

Kwa Mtunza Nyaraka,

Sisi wanafunzi wa Kidato cha Tatu tunakuamkia na kukushukuru kwa nakala.

Swali la nne tulilofundishwa ni kuuliza nini hakimo. Tumeliuliza. Kwenye nakala yako kuna sehemu mbili nyeupe, moja fupi pale penye jina la nyumba, na moja ndefu baada ya maneno "si jambo la leo". Kingo zake zimenyooka. Tumeziwekea rula. Tunadhani kuna mtu aliweka kipande cha karatasi nyeupe juu ya maandishi kabla ya kutoa nakala.

Tunaomba kujua ni nani, na kwa sababu gani. Pia tunaomba kujua kama mwanamke alijibiwa, kwa sababu mwenzetu mmoja hali vizuri.

Wako watiifu,
Kidato cha Tatu


12 Machi

Dada,

Wape wanafunzi wako pongezi zangu. Daftari lile ni la zamani sana, na mchwa wameshambulia kurasa nyingi. Hakuna kilichofichwa. Washukuru kwa hicho walichopata, na nakushauri uende kwenye somo linalofuata.

Panya


20 Machi

Panya,

Nimewasomea jibu lako. Wakili amesema mchwa wa kwenu lazima wamesoma jometri. Darasa zima lilicheka isipokuwa Mrefu na mimi.

Nimekujua tangu ukiwa na kamasi. Ukisema ukweli unaandika kurasa nne na unasahau nukta. Ukidanganya unaandika kama barua ya benki.

Sasa nikwambie yaliyotokea hapa.

Habari za somo zimemfikia Baba Mkubwa. Mjukuu wa jirani yuko darasani kwangu. Tulikuwa mezani. Akaniambia, bila kuniangalia, "Wafundishe watoto wa watu mambo ya kufaa. Hayo yamekwisha." Akasukuma sahani. Na Shangazi akaja kuiondoa, kama kawaida, akarudi nayo jikoni. Nikamfuata kwa macho. Panya, nimeishi nyumba hii maisha yangu yote, na jana ndiyo mara ya kwanza nimemwona Shangazi akila. Alikuwa ameegemea meko, amesimama, anakula kwa kuvizia kama mwizi.

Nikarudi mezani nikauliza, "Baba Mkubwa, Shangazi ni dada yenu wa tumbo gani?"

Unakumbuka sisi tulimwita Shangazi tangu tulipojua kusema. Hakuna aliyewahi kuuliza ni dada wa nani.

Akasema, "Ni mtu wa hapa."

"Wa hapa vipi?"

"Bibi yake alitupwa kwenye mlango wetu. Mama mtu alisikia uhuru, akamtupa mtoto akaenda zake. Babu yangu akamwokota. Toka hapo wamekula kwetu, wamevaa kwetu. Shangazi mwenyewe anajua, muulize."

Sikuhitaji kumuuliza, alikuwa amesimama nyuma yangu na jagi la maji. Akasema taratibu, "Ni kweli, mwanangu. Sisi tulitupwa." Akammiminia Baba Mkubwa maji.

Kisha akaenda kukaa pale pake kwenye mlango wa nyuma, kama kila alasiri, mlango wazi, mikono mapajani.

Usiniambie mchwa. Unamfichia Baba Mkubwa nini? Kwa sababu alikulipia shule? Hata mimi alinilipia. Nijibu, la sivyo nitapanda basi nije nilifungue hilo daftari mwenyewe.

Chaki


29 Machi

Dada yangu,

Usije. Au njoo, lakini soma hii kwanza.

Niliweka karatasi nyeupe. Ni mimi, kwa mkono wangu, na nilitumia rula, mtoto yule amesema kweli.

Ukurasa ule niliupata miaka mitatu iliyopita, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Niliposoma jina la nyumba nilidhani nimekosea. Nikafunga daftari, nikaenda kunawa uso, nikarudi, bado lilikuwa pale. Tangu wakati huo ndio sijalala Nyumba ya Ngozi. Kazi hazijanibana. Kila nikifika kituo cha basi nafikiria kitanda nilichotandikiwa na aliyekitandika, nageuza.

Hiki ndicho kilicho chini ya karatasi nyeupe. Pale pafupi pameandikwa: "nyumba ya mwuza ngozi, kwenye kona ya kisima." Mwuza ngozi kwenye kona ya kisima ni mmoja tu, na picha yake iko sebuleni kwetu. Ndiye babu wa Baba Mkubwa.

Pale parefu pameandikwa hivi:

"Amerudi siku ya pili. Amerudi tena wiki iliyofuata. Anasema mwanawe ni wa kike, ndiyo kwanza anang'oka meno, amempa jina la Ningoje. Anasema asubuhi ya kuja mahakamani alimwacha kwenye mlango wa nyuma akamwambia amngoje, na aliporudi na cheti mlango ulikuwa umefungwa na hakufunguliwa. Mwenye nyumba ameitwa. Ameapa kwamba nyumbani kwake hakuna mtoto wa jina hilo wala hajapata kuwepo. Mwanamke amepiga kelele. Ameonywa. Amekatazwa kurudi."

Unakumbuka Shangazi alivyokuwa akitusimulia mambo ya bibi yake aliyemlea? Bibi Ningoje alisema hivi, Bibi Ningoje alikataza vile. Tulikuwa tukicheka jina lile, tukimwita hivyo yeyote aliyechelewa kuvaa viatu.

Umeniuliza namfichia Baba Mkubwa nini. Si yeye niliyemfikiria, naapa, ingawa kumwogopa namwogopa. Nilimfikiria Shangazi. Wanafunzi wako wanakaa mtaa uleule. Niliona watoto wakimpita sokoni wanasema yule pale, bibi yake mtumwa. Mtu aliyenifuta kamasi na kunifundisha kufunga vifungo, aishie kuwa somo la Kidato cha Tatu. Nikaona bora niwe mwongo.

Kwa nini basi nilikutumia ukurasa uleule, wakati nina mamia mengine? Nimejiuliza hilo kila siku. Nadhani nilichoka kukaa nao peke yangu humu ndani. Mchana watu wakitoka kwenda kula, chumba kikiwa kimya, nilikuwa nasikia kama mtu amesimama upande wa pili wa meza, hajaambiwa aketi.

Nakala kamili nimeifunga humu. Fanya unavyoona.

Panya


14 Aprili

Panya,

Nimemwambia.

Nilikaa na ile karatasi mkobani siku kadhaa, naipeleka shule, nairudisha. Halafu alasiri moja, Baba Mkubwa akiwa msibani, nikatandika kanga chini karibu na Shangazi pale mlangoni, nikamwambia nina kitu cha kumsomea, na kwamba kitamuuma.

"Kitu cha kuuma unakitangaza?" akasema. "Soma."

Nikasoma yote. Nilipofika kwenye jina, kidole chake kilichokuwa kinacheza na pindo la nguo kikasimama. Nikamaliza. Alikuwa anatazama nje, kwenye uchochoro.

"Soma tena hapo."

"Hapo wapi, Shangazi?"

"Hapo aliporudi."

Nikasoma. Amerudi siku ya pili. Amerudi tena wiki iliyofuata.

"Tena."

Nikasoma tena. Akanishika mkono.

"Kwa hiyo alirudi," akasema. "Hakututupa."

Panya, ulidhani unamfichia aibu. Aibu alikuwa nayo tangu utotoni, walimlisha pamoja na uji. Ulichokuwa umemfungia kabatini kwako miaka mitatu ni mama wa bibi yake. Nakwambia hivi nikiwa bado na hasira, utanisamehe au hutanisamehe.

Kisha akanieleza kitu ambacho hakupata kutueleza. Bibi Ningoje mchana kutwa alikuwa akisema, mama yangu alinitupa, mwanamke hana huruma yule. Jua likielekea kushuka anakuja kukaa mlango wa nyuma. Ukiufunga, unapigwa. Akiwa mahututi alimwita Shangazi, akamwambia, "Uache wazi, asije akafika akadhani sipo." Shangazi alidhani ni homa. Lakini mlango hakuufunga, na baadaye akawa anakaa pale kwa mazoea tu, bila kujua anakaa kwa ajili ya nani.

"Nimemngoja mtu nisiyemjua," akasema. Akacheka kidogo, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena.

Asubuhi iliyofuata Baba Mkubwa akatoka chumbani, akakaa mezani. Hakukuwa na kitu mezani.

"Chai iko wapi?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni. Sijapata kumwona amekaa pale. "Sijaipika, Bwana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Nikaweka nakala mbele yake. Akaisoma, miwani ikimteleza puani. Akarudi juu ya ukurasa, akaanza kuisoma upya, nikadhani labda atakubali. Kisha akasema, "Karatasi za mahakama za siku zile zimejaa uongo."

Nikamwambia, "Kweli, Baba Mkubwa. Huu hapa uongo mmoja. Kiapo cha babu yako."

Akamgeukia Shangazi, uso umemvimba. "Baada ya yote tuliyowafanyia?"

"Yataje, Bwana," akasema Shangazi.

"Mmekula hapa!"

"Nani alipika?"

"Mmelala hapa, mmevaa…"

"Yataje mengine."

Akafungua mdomo. Nilimwangalia akiyatafuta, mzee wa watu, macho yanakwenda ukutani, kwenye picha, dirishani. Hakupata. Nilimwonea huruma, nakiri, kwa sababu nadhani hata yeye alikuwa hajapata kuyatafuta.

Tumehama. Nimepanga vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, karibu na shule. Vitu vya Shangazi vilijaa mfuko mmoja. Baba Mkubwa hakutoka kutuaga, lakini tulipofika kona niliona pazia la dirisha lake limesogezwa.

Chaki


6 Mei

Mwanangu Panya,

Dada yako ameshika kalamu lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyanyoosha.

Mimi ni mzima. Vyumba ni vizuri, fundi cherehani anaimba vibaya lakini ana adabu. Nimekwenda shuleni kwa dada yako. Nilimwambia mimi mwenyewe nataka. Watoto walisimama. Kuna msichana mrefu kama mlingoti aliniuliza kama naruhusu wajue mimi ni nani. Nikamwambia, nimekuja kwa miguu yangu, nani kanivuta? Nikawaeleza. Hakuna aliyecheka. Halafu nikawaambia kaeni, wakakaa mara moja, wote. Dada yako akaanza kulia, sijui kwa nini.

Sokoni wananiamkia. Ulikuwa unaogopa bure.

Jambo moja linanisumbua. Alfajiri nasikia Bwana anaita maji. Najua haniiti, yuko mbali, mtaa wa tatu. Lakini miguu inaamka kabla yangu. Nikifumbua macho nimekwisha simama katikati ya chumba, mkono umenyooshwa kushika jagi. Nasimama pale mpaka miguu ikubali. Siku nyingine inachukua muda. Najiuliza na yule mwanamke, na cheti chake mkononi, miguu yake ilimpeleka wapi siku ya kwanza.

Umemuuliza dada yako kama nimekusamehe. Sijui bado. Nikijua nitakwambia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukivunja kikombe unakizika uani, unadhani sioni. Nilikuwa najua kila kikombe kilipozikwa. Sikukuchapa kwa sababu ulikuwa unavizika kwa huruma, na majani juu. Hii nayo ni hivyohivyo, ila kikombe hakikuwa chako.

Nataka kuiona karatasi. Hiyo yenyewe, nakala sitaki. Nitapanda basi peke yangu. Wewe ningoje kituoni.

Neno hilo nimelisema, dada yako ameacha kuandika, ameniangalia. Liandike, nimemwambia. Ni neno tu, na watu wana haki ya kulitumia.

Ni mimi,
Shangazi, ambaye si dada wa mtu


25 Mei

Dada Chaki,

Amefika, amerudi, na bila shaka amekwisha kukusimulia kwa namna yake. Acha na mimi nisimulie kwa namna yangu.

Wakubwa wangu wana sheria kwamba asiye mtafiti haingii chumba cha kusomea. Kwenye daftari la wageni, mahali pa kazi, nikamwuliza niandike nini. Akasema, "Andika mpishi. Mstaafu." Mlinzi akampisha.

Nikamwekea daftari juu ya mto wa kulazia vitabu vya zamani, nikafungua. Hajui kusoma, kwa hiyo nikamwonyesha kwa kidole: hapa amekuja, hapa amerudi, hapa jina la bibi yako. Akaniomba nimwonyeshe alama. Wengi katika daftari lile wametia msalaba, karani aliwaonyesha jinsi ya kuuchora. Yule mwanamke amechora duara. Dogo, halikukutana vizuri, kama mtu aliyesukumwa mkono kabla hajamaliza. Shangazi akaweka kidole kando yake, hakuligusa. Humu kila mtu namwambia asiguse; yeye sikuhitaji kumwambia.

Akasema, "Sasa nisomee ya mwenye nyumba." Nikasoma kiapo. Akasikiliza kichwa kimeinama. Nikadhani ataniambia nirudie, kama alivyokwambia wewe. Akasema, "Hicho mara moja kinatosha."

Kabla hajafika nilikuwa nimemfuatilia yule mwanamke, kovu lake, duara lake, katika madaftari ya mwaka ule na ya miaka iliyofuata. Hospitali, jela, makaburi, watu waliosafirishwa. Hayumo popote. Nilimweleza hivyo tukiwa tunashuka ngazi, nikajiandaa kumshika kama ataanguka. Akaniuliza tu kama kwenye madaftari hayo huwa wanaandika watu wanaotembea barabarani wakienda zao. Nikasema hapana. Akasema basi huenda yuko huko.

Kidato cha Tatu waambie nimepokea barua yao ya pili, na kwamba jibu la swali lao ni moja: mchwa ni mimi. Nimemwandikia mkuu wangu maelezo ya nilichokifanya na nakala ile. Nikifukuzwa nitakuja kuwa mwimbaji kwa fundi cherehani.

Tulipotoka nje ilikuwa saa tisa hivi, basi lake lilikuwa la jioni. Nikamwuliza anataka twende wapi. Akasimama kwenye ngazi za mwisho, amekumbatia mkoba.

"Kuna nini cha kununua?" akauliza.

"Hakuna."

"Kuna mtu wa kupelekewa kitu?"

"Hakuna, Shangazi. Tunaweza kutembea tu."

Akalitafuna neno hilo. Akaniambia kwamba hajapata kushika njia maishani mwake bila kutumwa. Sokoni alitumwa, kisimani alitumwa, hata msibani alitumwa kusaidia kupika. Hata kwangu alikuja na jambo. Akanitazama kama mtoto anayeulizwa swali gumu. "Sasa mtu anatembeaje?"

Tukaanza tu. Kwenye njia panda ya kwanza alisimama ghafla, akageuza kichwa nyuma, upande tuliotoka.

"Nimeitwa," akasema.

Nikatega sikio. Mtaa ulikuwa na watu wachache, muuza magazeti amelala kwenye kiti, hakuna aliyeita.

"Sijasikia mtu, Shangazi."

"Najua. Hakuna mtu." Alikuwa anaangalia miguu yake. "Wewe subiri tu, itapita."

Tukasimama. Magari yakapita, watu wakatukwepa, mmoja akatusonya. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Nilimwona midomo ikitikisika kama anayembembeleza mtu aliye chini. Halafu mabega yake yakashuka. Akatazama kulia, ambako kulikuwa na maduka, akatazama kushoto, ambako sikujua kuna nini ingawa nimekaa mji huu miaka yote hii.

Akashika kushoto. Sikumuuliza kwa nini. Nikamfuata kwa nyuma kidogo, nimembebea mkoba.

Panya